Ulimi wa Babu Maimu

Kwa sheria ya nchi, mwasisi wa biashara ya ukoo haachishwi cheo kwa jambo dogo kama kufa. Ndiyo maana Babu Maimu, marehemu wa siku nyingi, aliendelea kuonja kila pipa la mbege, pombe ya ndizi ya ukoo, kupitia sanduku la shaba lenye ulimi na sauti yake, lililokalia kiti chake, limevishwa kofia yake.

Mjukuu wake Aikande alitamani mbege yake iuzwe walau mara moja. Kila alipoipeleka, sanduku liliguna: “Takataka! Enzi zangu haikuwa hivi.” Pipa zima likamwagwa.

Siku moja, kwa hasira, alilimiminia maji aliyosuuzia mapipa.

Sanduku lilitetemeka kwa furaha. “Hii ndiyo mbege niliyoanza nayo!”

Baba yake Aikande akapokea kata, akanywa, akafumba macho. “Tamu sana, Baba,” akaliambia sanduku.

“Baba, hayo ni maji machafu,” Aikande alimwambia.

“Adabu, mtoto! Umeshinda, shukuru.” Akapangusa mdomoni povu ambalo halikuwepo.

Kesho yake wateja walijaa, wakanywa maji hayo, wakasifu ukoo. Na ili apate mapipa mengine ya kusuuza, Aikande alipika mbege nzuri kuliko zote, akaimwaga.