Daraja la Kima

Fundi cherehani alitoka dukani, futi ikining'inia shingoni, akamkuta mume wa dada yake juu ya ngazi anakata daraja la kamba.

Daraja lile alilisuka yeye na majirani, wakalifunga toka mti hadi mti juu ya barabara, maana magari yalikuwa yanawamaliza kima. Tangu hapo hakugongwa hata mmoja.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Linaziba bango jipya la tangazo la magari. Mimi nimetumwa tu, usininunie."

"Na kima wapite wapi?"

"Wapite chini, kama sisi." Akacheka. Kamba ikaanguka kwenye lami.

Kima jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni, alifika kwenye ncha ya tawi. Akanyoosha mkono mahali kamba ilipokuwa. Vidole vyake vyembamba, vyeusi, vilifumba na kufumbua hewani. Akajaribu tena. Kisha akaanza kushuka kwenye shina, kuelekea barabarani.

Fundi aliingia katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili. Lori likafunga breki mbele ya magoti yake.

"Mama, umechoka na maisha?" dereva alifoka.

"Zima gari. Mwenzangu anavuka na mtoto."

Kima akapita mbio nyuma yake. Honi zikapamba moto.

"Shemeji," alisema fundi bila kugeuka, "rudisha hiyo kamba."

"Nitafukuzwa kazi."

Fundi akakunja gauni lake, akaketi kwenye lami.