Jepkosgei Aenda Kortini

Abigail alisimama mlangoni, funguo za gari amezificha mgongoni.

"Mum, siwapeleki. Muachane na umri huu? Watu wa kanisa watasema nini?"

Jepkosgei, mama yake, alikuwa akimfunga Festus tai. Festus alikaa kwenye kiti cha magurudumu. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kulia na kumwachia maneno machache tu, ingawa akili yake ilikuwa timamu. Jumatatu angehamia kwenye makao ya wagonjwa, na huenda asirudi tena.

"Mvishe baba yako viatu," Jepkosgei alisema.

Yote yalianzia kwa wakili, majuma mawili nyuma. Makao yalitaka zaidi ya dola elfu sita kwa mwezi, pesa ambazo hawakuwa nazo. Wakili alieleza kwamba serikali ingelipa, lakini Festus akifa ingerudi kuidai nyumba yao ya Adelphi ili kufidia gharama. Nyumba ilikuwa kwa jina la Festus peke yake. Walipoinunua, benki ilitaka jina la mwenye kazi ya ofisi.

"Hiyo nyumba nimeilipia miaka ishirini kwa kuosha wazee wa watu," Jepkosgei alimwambia. "Waje waichukue mimi nikiwa wapi?"

Wakili alisema huenda iko njia ya kumwachia Jepkosgei nyumba, ila kwanza aone vyeti vyao vyote. Hapo Jepkosgei akamtuma Abigail nje akaongeze sarafu kwenye mita ya kuegesha gari. Aliporudi, mama na wakili walikuwa wakipeana mikono, na hakuna aliyemweleza kitu.

Jibu alilipata kanisani. Mzee Peterson alimvuta kando, akamwambia mama yake ameonekana mahakamani kule Upper Marlboro akijaza fomu. Akamsimulia habari za mume na mke wa mji jirani wa Alexandria waliotalikiana kwa karatasi tu, ili mke abaki na nyumba.

Jioni hiyo Peterson alikuja na wazee wengine wawili kuomba. Jepkosgei aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawafungulia mlango.

"Mkimaliza kuniombea mtanilipia hayo makao? Kama hapana, niacheni."

Na sasa, mlangoni, Abigail alikuwa akilia. "Mlikula kiapo mbele ya Mungu!"

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwa nimezaliwa, lakini—"

"Basi toa gari."

"Baba, sema kitu! Wewe unataka hivi?"

Festus aliinua mkono wake mzima, akaonyesha mlango.

Abigail aliwapakia, akaendesha. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: akipata nafasi tu, atasema mbele ya wote kwamba baba yake ni mgonjwa na analazimishwa. Acha mama akasirike. Acha hata nyumba iende.

Mahakamani walielekezwa kwenye chumba kidogo chenye bendera pembeni. Karani, mama mmoja mwenye miwani, alizipitia karatasi, akauliza majina, akamtazama Festus kwa muda mrefu kuhakikisha anaelewa. Festus alitikisa kichwa kukubali. Abigail akavuta pumzi ili aseme.

Karani akamwomba Jepkosgei amshike Festus mkono.

"Festus Rotich," alisema, "je, unakubali kumwoa Jepkosgei, awe mke wako halali kuanzia leo?"

"Ati nini?" Abigail aliropoka. "Mum! Kwani nyinyi—"

"Nyamaza," Jepkosgei alisema bila kugeuka. "Wakili anasema mke mwenye cheti hanyang'anywi nyumba, na sisi hatukuwa nacho. Baba yako anajibu."