Ncha Mbili za Paa

Tangu alfajiri Getrude na baba mkwe wake walikuwa juu ya paa, kila mmoja kwenye ncha yake, mto Mkondoa umeizunguka nyumba pande zote. Kwao mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hata kikombe cha chai humwekea chini, hampi mkononi.

Redio ya mzee, iliyoning'inia shingoni kwa kamba, haikunyamaza. Mtaalamu alisema sayari ya Mirihi inaweza kukalika: ipashwe joto, barafu yake iyeyuke, maji yatiririke.

"Maji wayafuate hapa Kidete," mzee alisema. "Na huko, watu watakaa mbali na wakwe zao?"

"Sijui, baba. Labda nafasi itakuwa ndogo."

Ukuta wa upande wa mzee ukameguka. Bati likainama, naye akateleza mpaka magoti yakaingia majini, akang'ang'ania mbao kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamnyooshea Getrude fimbo yake ya kuchungia ng'ombe.

"Shika fimbo, mwanangu. Fimbo tu."

Getrude akatambaa hadi karibu naye, akaishika, akavuta. Ilikuwa na tope, ikamchoropoka. Mzee akainyoosha tena, uso ameugeuzia pembeni.

Getrude akaipokea, akaitupa mtoni, akanyoosha mkono.