Kidole cha Mlinzi

“Mama, weka kidole! Mechi moja tu, halafu unafunga tena.”

“Ondoa hiyo simu usoni pangu.”

Mwanawe, kinyozi asiye na kibanda tena, alikuwa amemfuata kutoka uani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chumbani, kama mchuuzi asiyesikia neno hapana.

Sheria mpya haikuacha mlango wa nyuma. Mtu akijifungia kwenye mfumo wa serikali, kampuni zote za kubeti zinaukataa uso wake, na kufuli halifunguki ila kwa kidole cha mlinzi aliyemchagua mwenyewe. Siku alipouza mashine zake za kunyolea, kijana alimchagua mama yake.

“Ulinichagua ukiwa na akili zako,” mama alisema. “Leo huna.”

“Leo nina uhakika! Wale hawafungwi kwao.”

“Hawafungwi wapi, na kipa wao ana kadi nyekundu? Ungeliwa pesa mchana kweupe.”

Kijana alimkodolea macho. “Tangu lini unajua habari za makipa?”

“Majirani wana redio, na mimi nina masikio.”

Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa gauni lake. Ikatulia, ikatetemeka tena.

“Si upokee?”

“Matangazo tu.”

Kijana alijibwaga sakafuni, kwenye kona ambapo cherehani ya mama yake ilizoea kukaa. “Na hii cherehani nayo bado iko kwa fundi? Fundi gani huyo, anaizaa upya?”

“Usinibadilishie maneno!”

Alifoka zaidi ya alivyokusudia. Kijana akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika.

“Hujui, mama. Wewe hujui. Unalala nayo, unaamka nayo. Mtu anaongea na wewe, unaona midomo tu inacheza. Viganja vinawasha. Nionee huruma, mama yangu. Nitakufa.”

Mama aliketi kitandani. Alikitazama kidole gumba chake. Kubonyeza mara moja tu, na kilio hiki kingekwisha. Kesho kingeanza kingine.

“Basi,” alisema. “Nyamaza. Tunamaliza sasa hivi.”

Akatoa simu yake mfukoni. Kijana alifuta machozi haraka, akasogea akiwa bado amekaa chini.

“Mungu akubariki, mama.”

Mama aliufungua ule mfumo, akabonyeza, akabonyeza tena bila kusoma masharti. Duara likajitokeza kwenye kioo, likaomba uso. Kijana akauingiza wake upesi.

Mama akamsukuma kichwa pembeni, akauweka wake. Duara likageuka kijani.

“Haya, lete kidole chako, uwe mlinzi wangu,” alisema. “Na nikija kukulilia, mwanangu, usinifungulie.”