Mwali wa Bi Shamsiya

Ufunguo ulizunguka mara mbili, kisha Bi Shamsiya akasikika akivuta kiti chake na kuketi nje ya mlango. Bayan alimgeukia Bi Asmahani, ambaye tayari alikuwa ameingiza mkono ndani ya baibui na kutoa kitabu.

"Haraka," Bi Asmahani alinong'ona. "Swali la jana. Kwa nini yule mwanamke hakutoka, na mlango ulikuwa wazi?"

Bayan alijibu kwa Kiingereza, midomo haifunguki vizuri kwa liwa iliyomkaukia usoni.

"Hoja nzuri. Mfano uko wapi? Hoja bila mfano kutoka kitabuni haina alama, mwanangu. Mwaka jana uliangukia hapo hapo."

Kweli aliangukia hapo. Fasihi ya Kiingereza ndiyo iliyomkwamisha kidato cha nne, na bila hiyo chuo cha ualimu kisingempokea. Alijiandikisha kurudia mtihani. Lakini baba yake, Mzee Himyar, ana duka la jumla pale Mabawa, na kila Bayan alipofungua ukurasa aliitwa apime mchele. Kisha, kana kwamba hayo hayakutosha, bibi yake, huyo huyo Bi Shamsiya, akamletea mchumba.

Mchumba aliitwa Luay, mtoto wa binamu yake Bi Shamsiya huko Oman. Posa iliingia kwa simu ya Bi Shamsiya, na jibu likatoka kwa simu hiyo hiyo. Mzee Himyar, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumbishia mama yake, alifurahi mno. Bayan akawekwa ndani kama mwali wa zamani: haoni jua, haonwi na mtu, hashiki hata ufagio. Simu yake ilichukuliwa. Dirisha la uani likagongomelewa, eti kelele za watoto wa jirani zinamsumbua.

Kitu kimoja tu kilimpa pumzi. Kungwi aliyeletwa kumfunda alikuwa Bi Asmahani, mjane wa Pangani aliyefunda nusu ya wasichana wa mtaa. Kwamba mjane huyo alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, Bi Shamsiya, kwa bahati njema, alionekana amesahau.

Ghafla kule nje Bi Shamsiya alikohoa kwa nguvu. Kitabu kilirudi ndani ya baibui. Ikasikika sauti ya shangazi yake Bayan, amekuja kumtazama mwali.

"Mwali haonwi!" Bi Shamsiya alifoka. "Rudi kwako."

Jioni Bi Shamsiya aliingia na chetezo cha udi, uso umekunjwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umefundwa nini leo?"

"Kuishi na mume, Bibi."

"Yamekukaa kichwani?"

"Yamekaa."

"Yakae hasa. Mie sitaki siku ya siku ukababaike." Alimgeukia Bi Asmahani. "Na wewe mbona mmemaliza mapema? Huyu kichwa chake kigumu. Rudieni."

Bayan alimchukia. Bibi huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, ndiye aliyemsuka nywele na kumlisha uji akiumwa, na sasa alimchukia kwa moyo wake wote. Alitamani kupiga kelele mpaka mtaa mzima usikie.

Kubwa zaidi lilikuwa siku yenyewe. Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi, na katika siku zote alizoziumba Mungu, Bi Shamsiya alichagua Jumatatu hiyo hiyo. Mzee Himyar alijaribu kuuliza kwa nini isiwe Ijumaa, kama harusi za watu wengine.

"Nyota yake imeangaliwa," alijibiwa. "Ni Jumatatu. Akdi ya kimya kimya, karamu baadaye."

Siku ya mwisho Bayan alimshika mkono kungwi wake. "Nitatokaje, Bi Asmahani? Nitakuwa napambwa!"

"Wewe soma."

"Nisome ili iweje?"

"Soma, mwanangu." Jibu hilo lilimkera, lakini alisoma.

Jumatatu kulipopambazuka, Bi Shamsiya alimvalisha baibui na nikabu kwa mikono yake mwenyewe. Sebuleni Mzee Himyar alikuwa ndani ya kanzu mpya, hajui asimame au akae.

"Nampeleka kwa Bi Asmahani akapambwe," Bi Shamsiya alimwambia. "Wewe ngojea wageni."

Ndani ya bajaji Bayan alishindwa kujizuia. Alilia mpaka nikabu ikamganda mashavuni.

"Bibi, nakuomba kitu kimoja tu. Leo nina mtihani. Nipitishe nikaufanye, kisha niozeshe. Nitaolewa na yeyote umtakaye, sitasema neno."

Bi Shamsiya alitazama barabara. Alimwambia dereva akate kushoto, tena kushoto, kisha asimame.

Bayan alipandisha nikabu. Mbele yake palikuwa na geti la shule. Watahiniwa walikuwa wamepanga mstari, wanakaguliwa mmoja mmoja. Bi Asmahani alisimama pembeni, kashika kalamu na kitambulisho cha Bayan.

Alimtazama Bi Asmahani, akamtazama bibi yake.

"Na Luay, Bibi? Akifika nyumbani asinikute?"

"Luay ndiye nani?" Bi Shamsiya alimsukuma polepole ashuke. "Baba yako hawezi kumwona mwanafunzi amekaa na kitabu asimwite dukani. Mwali hamwiti."