Mzazi Hajajulishwa

Kufikia saa nne asubuhi Deodata alikuwa ameua watoto mia tatu na kumi na wawili, na mzazi wao hakuwa na habari.

"Umeua tena?" aliuliza Pancras, mkuu wa kituo, akichungulia mlangoni na kikombe cha chai.

"Wote, bosi. Wamekufa ila hawaondoki. Wamegeuka misukule."

Muuza maandazi aliyekuwa anapita dirishani alifanya ishara ya msalaba, akageuza njia na beseni lake.

Watoto hao walikuwa ndani ya kompyuta. Programu ya kupanga kazi huamka kama mzazi, ikazaa mtoto mmoja kwa kila mwanafunzi. Mtoto huandaa matokeo ya mwanafunzi wake, akafa. Ishara ya kifo humfikia mzazi, mzazi akamfuta kwenye orodha. Mashine ya zamani ilijua hivyo. Tangu programu ihamishiwe kwenye mashine mpya, watoto walikwama kazini, na hata Deodata alipowaua kwa amri, ishara zilipotelea njiani. Maiti zikabaki zimeshika nafasi, kazi mpya zikakosa pa kukaa.

Saa nane mgeni rasmi angefika hapo kwenye kituo cha elimu cha Lusahunga kukata utepe. Utepe wa tatu. Kompyuta zilinunuliwa mpya mara tatu. Programu ni ileile aliyoiandika mzee Kazimili miaka kumi na moja iliyopita, na hakuna aliyemwita hata kwenye soda ya uzinduzi. Deodata hakusahau. Uzinduzi wa pili yeye ndiye aliyepanga viti. Sasa alikuwa mwaka wa tatu anajitolea, na kompyuta alijifunza mwenyewe, maana wenye vyeti walikuwa semina.

"Mgeni akikuta inafanya kazi, barua yako ya ajira nasaini leo," Pancras alisema. "Akikuta misukule, kesho usije."

Deodata akampigia Kazimili, ambaye siku hizi alikuwa anahangaika na makaratasi ya malori kule mpakani Rusumo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mmenikumbuka? Mkasi umepotea?"

"Watoto wakifa, mzazi hapati…"

Honi ya lori ikameza maneno.

"Nani hapati?"

"Mzazi! Mzazi hapati taarifa ya mtoto!"

"Aaa, mzazi! Hiyo mbona ipo humo, mama. Tafuta JulishaMzazi. Wakubwa wako waliizima, eti inakula vocha. Iwashe."

"Iwashwe tu?"

"Iwashe, kila mtoto akimaliza iite. Mbona nyie mnapenda kuteseka?"

Deodata akaitafuta, akaikuta kwenye mstari wa mia sita na arobaini, imefungwa. Miaka yote hiyo! Watu wamezunguka Dodoma wakitafuta wataalamu, na dawa imelala humo humo kama mgonjwa. Akaifungua kwa hasira, akaiunganisha na amri ya kuua: kila mtoto akiuawa, JulishaMzazi iitwe. Akawasha mashine upya, akangoja watoto wakwame. Wakakwama. Akawaua wote kwa mkupuo.

Kioo kikaanza kushuka mistari.

*Mzazi amejulishwa. Mzazi amejulishwa. Mzazi amejulishwa.*

Mia tatu na kumi na mbili, bila kuruka hata mmoja. Hakungoja kuhesabu misukule.

"Bosi! Njoo uone!"

Pancras alikuja mbio, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari, akapiga makofi mpaka chai ikamwagika.

"Mtoto wa kike wewe ni hatari! Na wale wa Dodoma walitaka miezi sita!" Akatoa karatasi yenye nembo. "Jina lako la tatu nani?"

Deodata akalitaja.

Pancras aliandika, akapuliza muhuri, akauinua. Simu yake ikalia mfukoni. Kwenye korido ikalia nyingine, na nyingine jikoni.

"Subiri," alisema, akiangalia kioo cha simu. "Ni mfumo wetu huo huo! Kumbe matokeo ya binti yangu Agness tayari!"

Akasimama katikati ya mlango, akaisogeza simu mbali na macho, akasoma kwa sauti ili korido nzima isikie:

"Ndugu mzazi, tunafurahi kukujulisha kuwa mtoto wako AMEUAWA. Hongera, na asante kwa ushirikiano."