Sheria ya Karibu

Tangu sheria ya uzembe itiwe milangoni, na milango ianze kunena na kuweka ushahidi, "karibu" lilikuwa neno zito: ukilitamka tu, dhara lolote ambalo ungeweza kulitarajia likimpata mgeni, kosa ni lako. Na mlango wa Bi Mwanakombo ulishaorodhesha kila ufa wa sakafu yake.

"Hodi, mama!" bintiye, Saumu, aliita barazani. "Nimemleta mjukuu wako. Kaanza kutembea!"

Bi Mwanakombo akaegemeza shavu kwenye ubao wa mlango. "Mtembeze hapo hapo, mwanangu, nimsikie."

Akasikia hatua ndogo, moja, mbili, tatu, kisha kishindo na kilio.

"Umesikia?" mlango ukamuuliza, maana anayejua huwajibika.

Mkono wake ulishafika kwenye komeo. Akaurudisha taratibu.

"Sijasikia kitu."